Siku Niliyokataa Kuona Kalamu Mbili

Haya niliyafanya mwenyewe, na akili zangu timamu, mbele ya mtu ambaye wiki ileile nilikuwa niende kumposa binti yake, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni tu, mie nimeshazoea.

Wataalamu wa macho walikuja ukumbini kwetu Kinondoni kuwapima watu wazima wa asili ya Asia, yaani sie Wahindi wa hapahapa mjini, kwa sababu (daktari alivyotueleza) vipimo wanavyotumia kujua kama macho mawili yanashirikiana vizuri vilitokana na watu wa kwingine, sasa wanataka kujua kwetu sie kawaida ni ipi. Wakaomba wenye macho mazima. Nikajitokeza haraka, maana baba yake Zahra, binti niliyetaka kumposa, alikuwa amekaa palepale na kikombe chake cha chai, na mzee yule hata ukikohoa anauliza kama ukoo wenu una pumu.

Daktari, mama mmoja mpole, akasema atasogeza kalamu kuelekea puani kwangu, nimwambie ikionekana mbili. Nikajiuliza, anayeona mbili si ndiye mgonjwa? Basi kalamu ikaja, ikawa mbili kabisa, nikasema moja. Ikasogea, moja. Ikanigusa pua, moja (wino wenyewe niliukuta puani nilipofika nyumbani). Akaleta na vioo vya kuyavuta macho, kila kimoja kikali kuliko kilichopita, nami nimekaza macho mpaka machozi yananitoka, moja, moja, hadi akamwita mwenzake aje ashuhudie, na foleni nzima ikasogea kuniangalia.

Mzee akainuka kunipongeza. Nikasimama kwa adabu, kumbe macho yamegoma kurudi mahali pake, mbele yangu wamesimama wazee wawili, kila mmoja kaninyooshea mkono. Nikachagua mmoja, nikashika hewa, nikapepesuka, nikakigonga kikombe chake, chai yote ikamwagikia suruali yake nyeupe.

"Kijana," akasema taratibu, "unamsalimia nani?"

"Shikamoo mzee. Nawaona wawili."

Nyuma yangu daktari akashusha pumzi. "Hilo neno ndilo nililokuwa nalisubiri tangu tumeanza."

Kumbe kalamu ikikaribia sana pua, karibu kila mtu huona mbili, wao walitaka kujua tu inaanzia wapi. Vipimo vyangu vikatupwa, na yule mama akaniambia, bila ukali, kwamba uongo kama wangu ukiingia kwenye hesabu zao, kesho mtu mwenye macho mazima kabisa ataambiwa anaumwa. Posa ikasogezwa mbele. Zahra alinipigia simu jioni, akawa anacheka tu.

Siku hizi nikiulizwa naona nini, nasema ninachokiona, hata kama baba mkwe amekaa pembeni.