Niliiona assertEquals ya Nassor ina jibu la uongo, nikanyamaza: yaliyotupata godauni la Shimanzi

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye kuitikia, na wengine poleni na kazi.

Huu mwaka wa pili nasoma humu bila kuandika neno. Juzi nimekuta vijana wa programming wanabishana kama kuandika test ni kupoteza wakati. Mmoja akasema, "Mimi test zikiwa kijani zote, nalala usingizi." Basi nikaona leo sina budi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Shimanzi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Sikuongeza chumvi. Majina nitayataja, maana nimeyabeba peke yangu muda mrefu na yamenichosha.

Mimi naitwa Athumani. Shule nilifika darasa la sita, babangu akafariki, nikaenda kazini. Nilianza ukuli, kubeba magunia, halafu nikawa karani wa kuhesabu magunia yanayoingia na kutoka.

Pale ghalani kulikuwa na kompyuta moja ya skrini nyeusi, haina mtu wa kuigusa. Mimi nikaigusa. Kulikuwa na kitabu chake cha Kiingereza, nikawa nakisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja siku mbili. Mwaka ukapita. Mwaka wa pili nikaandika program ya kwanza ya ghala lile.

Kazi yake ilikuwa hii. Magunia ya choroko na mahindi yakija hufunikwa turubali, chini yake huwekwa vidonge vya kufukiza, vinatoa gesi ya kuua wadudu. Gesi hiyo mtu nayo haimbagui. Turubali likishafunikwa haliguswi mpaka siku tano zilale. Program yangu kila asubuhi ilitoa karatasi: leo fungueni turubali namba fulani.

Miaka minne karatasi ile ilitoka, na hakuna aliyekohoa.

Halafu akaja Nassor.

Nassor ni mtoto wa Mji wa Kale, nyumba yao Kibokoni. Alitoka kusoma India, ana diploma ya kompyuta, shati limepigwa pasi hata mikono. Bwana Feisal, mwenye kampuni, alimpokea kama mkwe. Akamwita "Engineer". Mimi miaka yote hiyo nilikuwa naitwa "Athumani, hebu njoo".

Alinunuliwa kompyuta mpya. Akawekewa feni yake peke yake. Na kiti, wakuu, kiti cha magurudumu, kinazunguka. Mimi program yote ile niliiandika nimekalia stuli ya mbao yenye mguu mfupi.

Kile kiti kiliniuma kuliko diploma. Nawaambia kweli.

Kazi aliyopewa Nassor ni kuiandika upya program yangu kwa Java. Mimi nikaambiwa nimsaidie "kumweleza mambo ya ghala".

Sasa nije kwenye test.

Nassor alirudi toka India na diski yenye vifaa vya majaribio. Hapo ndipo nilipoiona assertion kwa mara ya kwanza, na sitaki kusema uongo, ilinipendeza, na kunipendeza kwake kukanichoma. Mimi nilikuwa nikijaribu program kwa kuiendesha na kukodoa macho. Yeye aliandika mstari mmoja unaosema: kazi hii ikipewa jambo hili, jibu lazima liwe hili. Anabofya, unatokea ufito kwenye skrini. Yakiwa sawa ufito ni wa kijani. Moja likikosea ni mwekundu.

Alianza na assertTrue. Hii huuliza tu, ndiyo au siyo. Ikianguka haikwambii kilichotokea, yakwambia siyo, basi. Kisha akahamia assertEquals. Hii unaipa vitu viwili: kwanza jibu unalotarajia, pili jibu lililotoka. Yakitofautiana inakwambia, nilitarajia hili nikapata hili. Mbele yake waweza kuweka na maneno yako, ili mwenye kuja kesho ajue sababu.

Nilivikariri vyote hivyo nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Usiku nilimwambia mke wangu, yule kijana hajui kitu.

Siku moja Nassor akageuza kiti. Mbele yake ameichapisha code yangu ya zamani.

"Bwana Athumani, hapa kwenye hesabu ya siku umeongeza moja. Hii moja ya nini?"

Wakuu, ile moja nilikuwa naijua kama nijuavyo jina la mamangu.

Sisi watu wa pwani siku ya kuanzia twaihesabu. Mtu akizikwa Jumatatu, siku ya tatu ya matanga ni Jumatano. Hakuna atakayekwambia Alhamisi. Lakini gesi haina matanga. Siku ya kufunika haijatimia, haihesabiwi. Ukifunika Jumatatu, siku ya tano kwa midomo yetu ni Ijumaa, ila turubali lafunguliwa Jumamosi. Ile moja yangu ndiyo iliyoisukuma Ijumaa ikawa Jumamosi. Sikuiandikia maelezo, kwa sababu sikudhani kuna siku mtu mwengine atakalia kazi yangu.

Nikamtazama Nassor na kiti chake.

"Sikumbuki," nikasema. "Kama huijui iondoe."

Akacheka. "Hatuondoi kitu kwa kukisia, bwana. Twende tukamuulize mwenyewe."

Mwenyewe ni Mzee Bakari, mnyapara wa makuli, mtu wa kufukiza tangu ujana wake. Tukashuka sote wawili. Mzee alikuwa mlangoni anakunywa kahawa.

"Mzee shikamoo. Mkifunika Jumatatu, siku ya tano ni lini?"

"Marahaba. Ijumaa, mwanangu. Huko India hawana Ijumaa?"

Makuli wakacheka. Nassor naye akacheka, akaandika kwenye kidaftari chake. Mimi pale pale nikaona swali limeulizwa vibaya. Angeuliza, mwafungua lini? Mzee angejibu Jumamosi bila kumeza mate.

Nikawa na maneno mdomoni. Nikayaacha yapoe.

Alasiri ile nikausoma mstari wake:

assertEquals("Ijumaa", sikuYaKufungua("Jumatatu", 5));

Akabofya. Kijani.

"Umeona?" akaniambia. "Sasa hata mimi nikiondoka, hii italinda."

Nikasema, "Mashallah."

Nia yangu ilikuwa nini? Msinitafutie utetezi. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka karatasi ya kwanza yenye kosa itoke, Mzee Bakari aitazame, aitupe mbele ya makuli, aseme, nani kaandika upuuzi huu? Bwana Feisal asikie. Kisha aniite mimi, na kwa jina langu safari hii.

Ajabu ni kwamba wiki tatu za mwanzo haikutokea kitu. Kufunika kulikuwa Jumatatu kila mara, karatasi ikitoka Ijumaa, na Ijumaa watu huwahi msikitini, hawaanzi turubali. Likifunguliwa Jumamosi. Nassor akapongezwa. Mimi nikawa naungua.

Wiki ya nne mzigo ulichelewa, turubali namba tatu likafunikwa Jumamosi. Nikapiga hesabu kichwani. Karatasi itasema Jumatano, na haki yake ni Alhamisi. Nikajiambia, leo ndiyo leo.

Jumatano asubuhi nikawahi kazini. Nikachukua chai na mahamri, nikaenda kukaa dirishani juu, mahali unapoona ua wote wa ghala. Nilikaa kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Mzee Bakari hakutokea. Sikujua kuwa alikuwa amepewa ruhusa, anamwoza mpwa wake Mji wa Kale. Aliyeshika nafasi yake ni Charo.

Charo ni mtu wa Rabai. Tulianza ukuli siku moja, mimi na yeye, tukilala chumba kimoja Mwembe Tayari. Nilipoandika program yangu ya kwanza ni yeye aliyekwenda kuwatangazia makuli wote kuwa Athumani wetu ameifanya mashine isome.

Akaja chini ya dirisha, karatasi mkononi, ananitazama juu.

"Athumani! Yasema twafungua namba tatu leo. Ni kweli? Mimi naona kama ni mapema."

Hapo, wakuu. Neno lilikuwa moja tu. Kesho.

Nassor alikuwa nyuma yangu kwenye kiti chake, na mlango wa Bwana Feisal uko wazi. Nikaona nikisema mimi kimya kimya pale dirishani, litarekebishwa, na hakuna atakayejua aliyekosa.

Nikamwambia Charo, "Muulize msomi. Mimi ni darasa la sita."

Charo akacheka. "Na mimi la tatu. Basi twafungua."

Nikamwona anaingia. Nikasema moyoni, atanusa tu mlangoni atarudi, si mgeni wa kazi. Nikamaliza hamri moja. Harudi.

Nilishuka ngazi sikumbuki vipi. Godauni lilikuwa linanuka kitunguu thomu, na mwenye kuijua gesi ile ajua harufu hiyo maana yake ni nini. Charo alikuwa ameinua pembe ya turubali na kuingia kusukuma mifuko ya mchanga inayolibana, akaangukia ndani. Niliona miguu yake tu. Nikaziba pua kwa kanzu, nikavuta miguu ile. Kidole cha mguu mmoja hakikuwa na ukucha, nilikikumbuka tangu chumba cha Mwembe Tayari.

Nikamtoa mpaka uani. Halafu na mimi nikaanguka.

Nilizinduka hospitali, kifua kama kimejazwa pilipili. Charo alikuwa kitanda cha pili, anapumua kwa mashine.

Siku ya pili akaja Bwana Feisal, na Nassor nyuma yake na birika la uji kutoka kwa mamake. Kabla bosi hajafungua mdomo, Nassor akasema:

"Kosa ni langu. Mzee nilimuuliza swali ambalo silo, na jibu lake nikalifanya ndilo la kutarajiwa. Test ilikuwa ikilinda kosa langu mwenyewe."

Bosi akanigeukia. "Athumani, program yako wewe haikuwa na kosa hili. Ile moja, ulijua ni ya nini?"

"Nilibahatisha tu, bwana."

Charo alikuwa na macho wazi. Alisikia. Akaninyooshea mkono wake wenye bomba, akanishika kidole.

Niliporudi kazini nikaifungua ile test. Nassor alikuwa ameandika jaribio jipya kwanza, akaliacha lianguke jekundu, ndipo akairekebisha code. Na mbele, pale pa kuweka maneno, alikuwa ameandika:

assertEquals("Kanuni ya Athumani: siku ya kufunika haihesabiwi", "Jumamosi", sikuYaKufungua("Jumatatu", 5));

Jina langu. Kwa heshima. Hakuwa na maana nyengine, yule kijana hakuwa na maana za kificho. Nilikaa kwenye kile kiti chake, maana alikuwa ametoka, nikausoma mstari ule mpaka macho yakanitoka maji, na nawaapia hata hapo nilimwonea wivu. Kwamba yeye aliweza kusema "kosa ni langu" mbele ya watu, asubuhi, ameshika birika.

Mwaka uliofuata alikwenda ng'ambo, na huko amekuwa mtu mkubwa.

Sasa wenye makosa. Bwana Feisal: kipimo cha gesi alikuwa nacho, kimefungiwa kwenye droo ya ofisi kisiharibike, na barakoa hakununua. Mzee Bakari: aliondoka bila kuacha neno. Nassor: aliuliza siku ya tano badala ya kuuliza mwafungua lini.

Na Athumani, aliyekuwa na jibu tangu mwanzo. Huyu ndiye mkubwa wao.

Nilichojifunza, vijana. assertEquals haijui ukweli. Yajua tu kama vitu viwili vyafanana. Jibu la kushoto, lile la kutarajiwa, halitoki kwenye mashine, latoka kwa mtu, na mtu mwenyewe aweza kuwa na kinyongo. Nendeni mkamuulize mtu wa kazi afanyavyo, msimuulize ahesabuvyo. Andikeni na sababu. Na mkiona test ya mwenzenu ina jibu la uongo, semeni hata kama kiti chake kinazunguka.

Wenye kunitukana, uwanja ni wenu, sitajibu. Waliowahi kufanya kazi ya kufukiza nisahihisheni nilipokosea. Na kama yuko mwengine humu aliyewahi kunyamaza namna hii, aniambie alikaa nalo vipi.

Charo yuko Rabai, hai, ngazi tatu zamshinda. Kila Krismasi hunitumia nazi na salamu zile zile: mwambieni Athumani pumzi hizi ni zake.

Yeye hasomi mitandao. Bintiye Kadzo husoma, ndiye aliyenifungulia akaunti hii.

Kadzo mwanangu, ukifika hapa, msomee babako. Msomee yote. Pale pa dirishani usiparuke.