Kikomo cha Kiungo

Nakumbuka siku moja, Jumamosi moja ya miaka ya tisini, nikitembea kutoka kituo cha Kawangware 46 kurudi mtaani kwangu Kambi Muru. Nilikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kwenye kiwanda cha kufulia nguo huko Kawangware. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemaliza kurefusha bomba linalopita juu ya meza za kupiga pasi. Mzee Kamau, msimamizi wangu, aliniuliza, "Otieno, umecheki kila kitu?"

"Yote, mzee." Akaniamini.

Mwanangu, bomba la chuma likipata moto hurefuka. Ndiyo maana tunaliwekea kiungo chenye mikunjo, kijibane bomba linapokisukuma. Lakini kila kiungo kina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kibati pembeni.

Nilipofika Makina, karibu na nyumbani, nikatafuta leso nijifute jasho, ikatoka karatasi ya hesabu. Iliandikwa: bomba litarefuka milimita arobaini na tano. Kiungo tulichokiacha palepale kilikuwa cha lile bomba la zamani, fupi, na kibati chake kilisema thelathini. Nilikisoma nikifunga bolti. Sikulinganisha.

Mvuke ungefunguliwa saa nane. Na meza iliyokuwa chini kabisa ya kiungo ilikuwa ya dada yangu Akinyi. Mimi ndiye niliyemtafutia hiyo kazi.

Simu ya kibanda ilikuwa imekufa. Nilikimbia. Njia nzima nilibishana na nafsi yangu: labda hesabu ina makosa, labda kitavumilia, na mzee nitamwambia nini? Nilipoingia kiwandani, bomba lilikuwa tayari linalia, tik, tik, likipata moto.

"Fungeni mvuke! Akinyi, toka! Tokeni wote!"

Mzee Kamau alifunga valvu mwenyewe. "Kuna nini?"

"Sikucheki kikomo cha kiungo, mzee. Nilikudanganya."

Bomba lilipopoa tulipanda ngazi. Mikunjo ilikuwa imebanana, mmoja umeanza kupasuka. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha Akinyi, aliyekuwa amekaa nje. "Enda umwambie yeye hayo uliyoniambia."

Nikaenda. Akinyi alinisikiliza hadi mwisho, akauliza tu, "Na ulijua niko hapo chini?"

Nikamwambia, "Nilijua." Mpaka leo swali lake hunirudia.

Kwa hivyo, mwanangu, ukishajua bomba litasogea kiasi gani, uliza pia kiungo kinaweza kubeba kiasi gani, na usiondoke kabla ya kuziweka namba hizo mbili pamoja. Ukiulizwa kama umecheki na hujacheki, sema hujacheki, hata kama utaona aibu. Mungu akupe macho ya makini na ulimi wa kweli, na kila afanyaye kazi chini ya bomba lako arudi kwa watu wake mzima.