Chapati Zilizopigwa Pasi

Pasi ikipata moto, mimi nasikia harufu ya chapati.

Mama alikuwa ameketi jikoni kwetu, Scarborough, na mbele yake picha mbili za mahali pa kulala chini ya mlima wa kuteleza kwenye theluji. Ulikuwa mwanzo wa msimu, bei bado nafuu. Moja ilikuwa nyumba ndogo ya mbao yenye jiko. Nyingine ilikuwa hoteli yenye bwawa la kuogelea la maji moto.

Mama hakukiamini Kiingereza chake kwenye simu, kwa hiyo simu zote nilipiga mimi.

"Uliza hiyo yenye jiko kama kuna nafasi," aliniambia. "Siwezi kuwalisha wewe na baba yako chipsi siku tatu."

Mwanamke aliyepokea alisema nafasi ipo. Nikamshukuru, nikakata simu.

"Imejaa, mama."

Tukaenda hotelini. Theluji ilikuwa haba, nyasi zilichungulia kila mahali, nami niliogelea asubuhi na jioni. Mama alikuwa amebeba chapati za siku zote tatu. Kila jioni alizifunga kwenye karatasi ya foili, akazipanga juu ya meza ya kupigia pasi, akazipitishia pasi moja moja, akampa baba, akanipa mimi. Yeye alikula mwisho, amesimama.

Siku ya kuondoka alikunja foili zake vizuri, akazitia mkobani.

"Mwakani," alisema bila kuniangalia, "simu nitapiga mwenyewe."