Masomo ya bure ya Léocadie na kitabu kilichowatoa watoto darasani

Saa moja asubuhi, Buterere, kitongoji cha mashamba ya mpunga pembezoni mwa mji. Mvua ya jana imeacha dimbwi mlangoni mwa darasa la kwanza, na watoto wanaliruka mmoja mmoja, ndala mkononi. Mwalimu Léocadie anawapokea upande wa pili, anawafuta matope kwa ncha ya kitenge chake, kisha anageukia ubao na kuandika kwa ukubwa herufi moja: a.

"Semeni!"

Wanasema, wengine kwa kupiga kelele tu.

Hadi mwaka jana, mama huyu wa miaka arobaini na mmoja alikuwa akifundisha sayansi na historia darasa la sita, katika shule hii hii. Sasa anafundisha irabu. Hakuomba kuhamishwa.

"Mi siwadharau hawa wadogo," anasema wakati wa mapumziko, akiwa ameegemea ukuta. "Lakini nilitolewa kule kama mutu aliyeiba. Na aliyeibiwa ni mi."

Alipoanza kazi Buterere, watoto wanane walikuwa wakigombea kitabu kimoja, tena cha Kifaransa. Wengi nyumbani wanaongea Kirundi. Wale ambao wazazi wao walivuka kutoka Kongo wanaongea Kiswahili. Somo likiisha, anasema, kilichobaki kichwani mwao ni picha tu.

Kisha akaalikwa kwenye mafunzo ya siku moja, mtaa wa Ngagara. Huko alisikia kwa mara ya kwanza habari za masomo huria: masomo yaliyowekwa mtandaoni ili mwalimu yeyote ayachukue bure, ayanakili, ayabadilishe yafae watoto wake. Hata kuyauza kunaruhusiwa. Sharti ni moja tu, jina la aliyeandika libaki.

"Nilirudi nyumbani na furaha kama niliyepewa shamba," anakumbuka.

Kwa miaka miwili aliandika kwenye simu, umeme ukiwepo. Aliandika kwa Kirundi na Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Historia aliianzia pale mtoto aliposimama: nani alichimba mifereji ya mpunga ya Buterere, kwa nini wazee bado wanauita mji kwa jina lake la zamani, Usumbura. Sayansi aliianzia kwenye maji machafu, kwa sababu ndiyo wanayoyajua. Alieleza namna ya kuchuja maji kwa chupa iliyokatwa, mchanga na makaa, na mfano akautoa kwa jirani yake: "Chukua maji ya kisima cha mama Prodige."

Mumewe, Népomuscène, fundi seremala, ndiye aliyechora michoro. Masomo yakapanda mtandaoni. Walimu wa mtaa wa Nyakabiga wakamwandikia kumshukuru, na mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, pia.

Mwanzo wa mwaka wa masomo uliopita, mwalimu wa darasa la jirani, Astère, aliingia kwake ameshika kitabu kipya chenye jalada la kung'aa.

"Madamu Léo, hebu soma hapa."

Alisoma: chukua maji ya kisima cha mama Prodige.

"Nilicheka kwanza," anasema. "Nilidhani wameniletea zawadi. Nikafungua mbele kutafuta jina langu."

Jina halikuwepo. Pameandikwa kwamba kitabu kimeandaliwa na jopo la wataalamu. Bei yake ilikuwa faranga elfu ishirini, kiasi ambacho mama wa Buterere anapata kwa siku nne za kupandikiza mpunga.

Alimtafuta mchapishaji mjini. Mwanamume yule hakukana kitu.

"Madamu, si uliandika mwenyewe kwamba ni bure?"

"Niliandika pia jina langu libaki."

"Jina halinunui wino," alijibiwa, na mteja mwingine akaitwa.

Anasema hilo angelimeza. Lililomshinda ni lililofuata. Uongozi wa shule ulitangaza kwamba kila mtoto wa darasa la sita lazima awe na kitabu hicho, na asiyekuwa nacho asiingie darasani. Léocadie alimwambia mkuu wa shule, Rénovat, kwamba masomo hayo ni yake na watoto wanayapata ubaoni bila kulipa.

"Akaniambia, 'Madamu, ubao si kitabu.'"

Alikataa kuwatoa watoto. Jumatatu iliyofuata mkuu aliingia mwenyewe na kuamuru wasio na kitabu wasimame. Theluthi ya darasa ilisimama. Miongoni mwao alikuwa Mélissa, msichana wa miaka kumi na miwili.

"Aliniangalia, akauliza: 'Mwalimu, si ni vile vitu umetuandikiaka ubaoni?' Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena: 'Sasa ninatoka kwa nini?'"

Watoto walikaa nje, chini ya madirisha. Léocadie alisogea dirishani na kufundisha kwa sauti ya juu. Alifanya hivyo wiki nzima. Wiki ya pili alipewa darasa la kwanza.

Rénovat hakatai kuzungumza. Ni mtu mpole, macho yamechoka. "Mchapishaji aliahidi shule sehemu ya mauzo," anasema. "Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakaa chini, kwenye saruji yenye maji. Leo wana madawati. Wewe ungefanya nini?"

Madawati hayo ndiyo yaliyo mbele ya Léocadie kila asubuhi. Yananukia mbao mpya. Watoto wanayapenda, naye anakiri kwamba mafua yamepungua.

Wengi waliofukuzwa walirudi baada ya wazazi kukopa. Mélissa hakurudi. Nyumbani kwao, mita chache kutoka mashamba ya mpunga, mama yake anaanika mihogo.

"Nimemutuma Cibitoke kwa dada yangu, anamubebea mutoto," anasema bila kuinua macho. "Nilijua nitapata ile pesa. Haikupatikana. Ule chupa wake wa kuchuja maji iko bado hapa, wadogo zake wanachezea."

Léocadie amewahi kuja hapa mara mbili. Mara ya pili mama alimwambia: "Mwalimu, wewe si mubaya. Lakini usije tena, ninaumia."

Saa saba mchana shule inatulia. Léocadie anafunga mlango wa darasa tupu, anaweka simu juu ya dawati na kuanza kurekodi: somo jipya la historia, kuhusu mafuriko yaliyofika Buterere na familia zilizohama. Anataka masomo ya kusikiliza, yapite kutoka simu hadi simu bila mtandao, yawafikie hata waliokwisha kuacha shule.

Népomuscène anapinga. "Nimemuambia auze, hata kwa bei ndogo," anasema. "Watamuchukulia tena."

Mwandishi wa habari hii anamuuliza Léocadie kama haya nayo atayaacha huria.

"Bure," anajibu haraka, kana kwamba ameulizwa mara nyingi. "Nikiyauza, yule aliyesimamishwa mbele ya wenzake atayapataje?"

Anabonyeza simu, anasikiliza alichorekodi, anafuta, anaanza upya.

"Lakini jina langu nitalisema mwanzo, nitalisema katikati, nitalisema mwisho. Anayetaka kulitoa, akate na somo lote."