Mama Lebo Alipoyazuia Magunia

Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la jioni la watu wazima, na labda ndiyo maana hakuwahi kuzoea kuruka maneno. Kila gunia la chakula lililoingia stoo alisoma lebo yake juu hadi chini, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Walinzi walimcheka, wakambandika jina: Mama Lebo. Kazi yake ilikuwa kulisha mbwa kumi na mmoja wa kampuni ya ulinzi.

Jumatatu moja alichelewa, maana alikuwa amempeleka mumewe kliniki. Alipofika, msimamizi alikuwa ameshapokea mzigo mpya na ameshaanza kulisha. Jembe, mbwa mlafi kuliko wote, alikuwa analamba bakuli tupu. Wa pili alinusa chakula chake, akarudi nyuma, akalala.

Mbwa kususa chakula? Mama Lebo aliingia stoo mbio.

Magunia yalikuwa yameshonwa kwa mkono. Penye tarehe ya mwisho wa matumizi pamebandikwa karatasi. Akaikwangua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na tarehe nyingine, iliyopita miezi saba. Alipolifungua gunia, harufu ya tambara bichi ikampiga usoni. Punje kadhaa zilikuwa na vumbi la kijani.

"Msimamizi, hiki chakula hakiliwi."

"Usinianze asubuhi asubuhi, Mama Lebo. Mbwa wanaingia zamu jioni. Utawapa nini, karatasi?"

"Nitawapikia wali na nyama leo, kesho tutafute kingine."

"Hao ni mbwa, si wageni wa harusi! Ukungu kidogo utawafanya nini? Nipishe."

Hakumpisha. Alisimama mlangoni, funguo kiganjani. Nyumbani mshahara ulikuwa huo mmoja tu.

"Nifukuze kwanza," alisema, "halafu uwalishe kwa mkono wako mwenyewe."

 Nyuma yao Jembe akaanza kutapika.

Daktari wa mifugo alifika kabla ya adhuhuri. Alimpima Jembe, akainusa punje moja, akakunja uso. "Msitupe gunia hata moja. Nataka namba ya toleo kwenye gunia na sampuli ya kupeleka maabara. Sumu ya ukungu hukimbilia ini, na kupika hakuiondoi. Huyu tumtundikie dripu, kisha tusubiri."

Kusubiri ndiko kulikomchosha Mama Lebo. Jumanne Jembe hakuinua kichwa. Jumatano weupe wa macho yake uligeuka manjano, na daktari akaacha kusema "atapona", akawa anasema "tuone". Mama Lebo alikaa sakafuni kando yake, akimlowanisha midomo kwa pamba. Msimamizi alipita mara tatu bila kuingia. Mara ya nne aliingia.

"Alikula bakuli zima," alisema taratibu. "Nilimjazia mimi."

 Mama Lebo alimpa pamba, akaenda kunywa maji.

Alhamisi alfajiri Jembe alikunywa maji mwenyewe. Majibu ya maabara yalithibitisha sumu. Magunia yote yakachukuliwa na wakaguzi, na muuzaji aliyeyaleta akazima simu.

Msimamizi hakuomba radhi kwa maneno, ila walikwenda wote wawili kununua chakula. Dukani alikimbilia gunia lenye picha ya mbwa anayeng'aa manyoya.

"Picha hailiwi," Mama Lebo alimwambia, akaligeuza. "Jina la kiwanda lipo, anwani hakuna. Na hapa wameandika ni cha kuongezea tu, si mlo kamili."

La pili lilikuwa la watoto wa mbwa. La tatu lilikuwa limetoboka. Duka lile walitoka mikono mitupu, muuza duka akiwasindikiza kwa miguno. Kwenye duka la pili walipata mlo kamili wa mbwa wakubwa, gunia zima, tarehe ikiwa mbali.

Jembe hakurudi zamu tena. Ini lake halikurudi kama zamani, na daktari akamwandikia chakula chake maalumu. Siku ya kwanza Mama Lebo alikilainisha kwa maji ya vuguvugu. Jembe alinusa kwa muda mrefu, msimamizi akiwa ameshika pumzi dirishani. Kisha akala nusu bakuli, akalala.