Kitambaa cha Kifuani na Chale za Bibi

Nikisikia tu harufu ya petroli ya jenereta, narudi kwenye kibanda cha video pale Mtama, tumebanana watu elfu kumi juu ya mkeka mmoja. Bibi yangu, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akikimbia vita, alikuwa anaona sinema kwa mara ya kwanza. Kwenye sinema, wanajeshi wakawa wanawatoa watu majumbani, wakiwatambua kwa kitambaa kilichoshonwa kifuani.

"Si wakivue tu, wajinga hawa!" akacheka mwenye video.

Bibi akasimama, akagusa chale za Kimakonde zilizochanjwa usoni mwake. "Na mimi, mwanangu, uso huu ningeuvua vipi?"

Mwenye video akageuka kumtazama usoni, jenereta ikiunguruma. Chale zile nilizichezea kwa kidole kila siku, kumbe kule vitani, ng'ambo ya Ruvuma, kuna watu waliwahi kuzitafuta kwa bunduki.