Siku Tulipopima Silinda Ruaruke

Pigo la kwanza lilitoka kwa mtu aliyekuwa ametuletea chai. Alimtwanga mjomba wangu mgongoni kwa mchi, mjomba akaanguka kifudifudi kwenye pumba za mpunga.

Tulikuwa Ruaruke, kwenye banda la mashine ya kukoboa. Mjomba alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Ujana wake wote aliumalizia kwenye karakana za Dar es Salaam, kisha akarudi Kibiti na lethi moja kuukuu ya kukerezea na sanduku la mbao lenye vipimo. Mimi nilipofiwa na mume nilikwenda kwake kujifunza kazi. Siku hiyo mwenye mashine alikuwa ametuita mwenyewe, kwa kuwa injini yake ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu.

Ilikuwa miaka ile watu wanauawa majumbani mwao na wauaji hawajulikani. Kila mgeni alitazamwa mara mbili. Tulikuwa tumeshafungua injini na kutoa pistoni, na vijana kama kumi wamesimama mlangoni wanatazama, mjomba alipotoa kile chombo kwenye sanduku.

Hata mimi, mara ya kwanza kukiona, sikujua ni nini. Ni bomba la chuma lenye urefu wa mkono hadi kiwiko. Juu yake kuna kitu cha duara kama saa, chenye kioo na mshale mmoja mwembamba. Chini kuna vijiguu viwili vifupi, kimoja kinabonyea ukikigusa. Mjomba alikinunua kwa fundi mzee aliyestaafu, na maandishi yake yalikuwa yamefutika yote isipokuwa tarakimu za kwenye saa.

"Hiyo saa ya nini, mzee?" mmoja akauliza.

"Kipimo. Nendeni mkafanye shughuli zenu."

Mjomba hakuwa mtu wa kueleza. Alikibonyeza kile kijiguu kwa kidole, mshale ukazunguka, na mtu nyuma akapiga kelele, "Bomu! Wanatega bomu!"

Mchi ukashuka. Baada ya hapo sikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mateke. Nakumbuka mtu akiukanyaga mkono wa kulia wa mjomba juu ya kitako cha injini, kwa kisigino, mara tatu, na sauti ya mifupa. Nilipiga yowe, "Ni mjomba wangu! Ni fundi huyo!" nikapigwa ngumi iliyoning'oa jino. Mwenye mashine alikuwa amesimama kwenye nguzo. Nilimwita. Nikamwambia, "Waambie umetuita wewe!" Akatazama chini.

Mmoja alikuja na panga.

Chombo kilikuwa kimebingirika hadi miguuni pangu. Nikakiokota, na wote wakarudi nyuma, hata yule wa panga. Walidhani kitalipuka. Nikaona kwamba muda wa hofu yao ndio muda tulionao.

"Tazameni basi!" nikasema, damu inanitoka mdomoni. Nikakitumbukiza ndani ya silinda.

Sikuwahi kukitumia peke yangu. Mshale ukarukaruka, sikujua nisome wapi. Kutoka chini, uso umejaa pumba na damu, mjomba akasema kwa sauti ndogo, "Kitikise taratibu. Mbele, nyuma. Mshale utakwenda, halafu utageuka. Pale unapogeuka ndipo usome."

Nikatikisa. Mshale ukaenda, ukageuka.

"Thelathini na mbili," nikasema.

"Shuka katikati."

"Kumi na mbili."

"Chini kabisa."

"Tatu."

"Silinda imeliwa juu," mjomba akasema, akakohoa damu.

Nikawageukia. "Alama moja hapa ni milimita moja imegawanywa mara mia. Hiki kinapima tundu lililolika. Juu limepanuka, ringi za pistoni hazibani, ndiyo maana mashine inakula oili."

Ndipo mwenye mashine akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Ni kweli, inakula oili."

Nilimchukia kwa maneno hayo kuliko nilivyomchukia aliyenipiga ngumi.

Mwenye panga akauliza, kama mtu aliyeonewa, "Sasa mbona hamkusema?" Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wawili walibaki wakatusaidia kumpandisha mjomba kwenye pikipiki, mimi nikiwa nyuma nimemkumbatia asianguke, hadi zahanati.

Vidole vitatu havikupona. Vilikauka vimepinda. Mjomba, aliyekuwa mpole, alianza kuvunja vitu. Alirusha sahani ukutani, alirusha birika. Siku aliponikuta nasafisha kile chombo alinizaba kofi kwa mkono wa kushoto, kisha akakaa sakafuni akilia.

Miezi baadaye mwenye mashine alikuja Kibiti na silinda yake imefungwa kwenye kiroba. "Shikamoo, mzee," akasema. "Nimekuja kuomba radhi, na kama itawezekana, mnichongee."

Nilikuwa na spana mkononi. Nilimpiga nayo begani kwa nguvu zangu zote, akapiga magoti. Niliinua tena. Wala hakujikinga.

"Mwanangu, basi," mjomba akasema. "Basi."

Nikaacha. Nikaipima silinda ile, nikaifunga kwenye lethi, nikaichonga, mjomba amesimama kando ananisahihisha, na mwenye mashine amekaa nje ameshika bega. Ilipokwisha aliichukua akaenda zake. Hatukuagana.

Kazi zote sasa nafanya mimi. Mjomba hali tena nasi wa nyumbani kwenye sinia moja. Mkono wa kulia hauwezi kufinyanga tonge, na kula kwa kushoto mbele ya watu anaona haya. Namwekea chakula chumbani na kijiko, anafunga mlango, nasi tunamsubiri amalize ndipo tuzungumze naye.